Harusi ya Jumamosi, darasa la Jumatatu: shule ina haki gani juu ya maisha ya mwalimu wakati wa mlipuko?

Swali: "Ninafundisha darasa la nne. Wakati wa korona, wiki chache baada ya shule kufunguliwa tena, mdogo wangu alifunga ndoa. Sheria wakati ule iliruhusu watu 50. Sisi tulikuwa 38, tumekaa uani, viti vimeachanishwa na kila mtu na barakoa yake. Ulipofika wakati wa kupiga picha na maharusi nikavua barakoa, nikasimama nao bega kwa bega, nikacheka. Binamu yangu akairusha picha ile mtandaoni, na kufikia Jumapili usiku ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu. Mzazi mmoja akaandika: 'Huyu ndiye tunamwachia watoto?' Jumatatu mkuu wa shule aliniita, Jumatano nikapewa barua ya kutakiwa kujieleza. Nikajieleza. Hakuna aliyeugua, si wa harusini wala wa darasani, na suala likaisha kimyakimya. Sikuambiwa kamwe kama nilikuwa na kosa au la.

Sasa shule inaandika mwongozo wa kukabiliana na milipuko ijayo, na kuna kifungu kinachosema: 'Katika kipindi cha mlipuko, mwalimu ataepuka mikusanyiko isiyo ya lazima, atatoa taarifa ya safari zake za mwisho wa wiki na ya wageni anaowapokea nyumbani, na hatachapisha wala kuruhusu kuchapishwa picha zinazoweza kutia shaka.' Tunatakiwa tuwe tumesaini kabla ya mwisho wa mwezi. Wenzangu wananiambia niweke saini tu, karatasi haiumi. Mimi mkono unakuwa mzito. Je, siku ile nilikosea? Na hii karatasi, shule ina haki ya kunisainisha?"

Jibu:

Mwalimu, umeuliza maswali mawili, lakini kuna sentensi moja hapo katikati niliyoisoma mara tatu: "Sikuambiwa kamwe kama nilikuwa na kosa au la." Barua ya kujieleza isiyofuatiwa na uamuzi ni mzigo wa ajabu. Aliyeiandika ameshaisahau, na aliyeipokea bado anajieleza, usiku, peke yake. Kwa hiyo nianze na hilo bila kuzunguka. Kwa maelezo uliyonipa, hukuvunja sheria, na hukuwaongezea wanafunzi wako hatari inayostahili barua. Lipo jambo moja ambalo ningependa ungelifanya siku zile, nitalifikia. Na kuhusu karatasi: kama ilivyoandikwa, usiisaini, lakini usiende kuikataa mikono mitupu.

Kazi yangu ni kushauri shule juu ya afya na usalama wa watu wanaofanya kazi humo. Nimekaa meza moja na wakuu wa shule wenye hofu, wazazi wenye hasira na walimu waliochoka, na kila mmoja huwa ameshika kipande cha ukweli. Tatizo huanza pale kila mmoja anapodhani kipande chake ndicho mkate mzima.

Tumtendee haki kwanza yule mzazi. Kirusi cha korona kina tabia mbaya kuliko vingi: mtu huweza kuanza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajaona dalili yoyote. Katika aina za mwanzo, dalili zilitokea kwa wastani siku ya tano au ya sita tangu mtu aambukizwe, na kwa wachache zilichelewa hadi siku 14. Aina iitwayo Omicron ilipoingia mwishoni mwa 2021 muda huo ukafupika hadi siku tatu hivi. Piga hesabu mwenyewe. Mtu aliyeambukizwa Jumamosi angeweza kuwa anaambukiza wengine Jumanne au Jumatano, huku akijiona mzima kabisa, anaandika ubaoni, anainama juu ya daftari la mtoto kumwonyesha alipokosea. Mzazi anayeogopa kwamba ya Jumamosi yataingia darasani katikati ya wiki hajarukwa na akili.

Alipokosea ni kwenye ushahidi aliouchukua. Picha huonyesha nyuso, haionyeshi hewa. Korona husafiri zaidi kwa pumzi zinazotoka tunapoongea, tunapoimba, tunapopaza sauti, na pumzi hizo hujaa pale ambapo watu wengi wamekaa muda mrefu ndani bila hewa ya kutosha kupita. Tarehe 10 Machi 2020, siku moja tu kabla Shirika la Afya Duniani halijatangaza kwamba huu ni ugonjwa wa dunia nzima, kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya ukumbi. Walikuwa watu 61, na mmoja wao alikuwa na dalili za mafua. Waliougua, ukijumlisha waliothibitishwa kwa kipimo na waliohesabiwa kwa dalili zao, wakafika 53. Wawili walifariki. Sasa fikiria picha ya jioni ile ikirushwa mtandaoni: watu wazima, watulivu, wamekaa kwenye viti vyao wanamsifu Mungu. Nani angeandika chini yake, "Huyu ndiye tunamwachia watoto?"

Picha yako wewe ilichukuliwa kwa sekunde kadhaa, nje, katika dakika ile ambayo watu wote duniani huvua barakoa: dakika ya picha. Zile saa nyingine mlizokaa kwa kuachana, barakoa usoni, hazikupigwa picha kwa sababu hazipendezi. Ndiyo maana siku zote nawaambia wakuu wa shule kwamba picha ya sherehe ni ushahidi wa sekunde ile iliyopigwa, na ukiitumia kupimia jioni nzima utamhukumu asiye na hatia na kumwacha mwenye nayo.

Kisa kingine kinatuhusu kwa karibu zaidi, na ningependa ukibebe uende nacho kwenye kikao. Mei 2021, katika shule moja ya msingi huko Marin County, California, mwalimu ambaye hakuwa amechanjwa alianza kupata dalili tarehe 19. Akaendelea kufundisha siku mbili kabla ya kwenda kupima. Shule iliagiza barakoa kwa kila aliye ndani, lakini mwalimu huyo alikuwa akiivua mara nyingine ili awasomee wanafunzi kwa sauti. Wanafunzi walikuwa 24, na 12 walikutwa na maambukizi. Katika safu mbili za mbele walikuwa 8 kati ya 10. Safu za nyuma, 4 kati ya 14.

Unaweza kuiona ile ramani ya madawati ukifumba macho. Kila mwalimu anajua watoto wanaokaa mbele: wale wanaopenda hadithi, wanaosogeza kiti karibu, au wale tuliowavuta mbele wenyewe kwa sababu hawaoni ubao vizuri. Walioumia zaidi ni wao. Na madhara hayo yalitokana na dalili zilizovuka mlango wa darasa pamoja na barakoa iliyovuliwa ndani. Kuanzia hapo, mwalimu angekuwa amezipata harusini, msibani, kwenye basi au kwa mtoto wake mwenyewe, hesabu ya darasani ingekuwa ile ile.

Niongeze moja, halafu niachane na takwimu. Katika shule za msingi za wilaya moja ya jimbo la Georgia, Marekani, wachunguzi walifuatilia makundi 9 ya maambukizi kati ya Desemba 2020 na Januari 2021, yenye walimu 13 na wanafunzi 32. Katika makundi mawili, walimu walielekea kuambukizana wao kwa wao, kwenye vikao au wakati wa chakula cha mchana, kisha ugonjwa ukaenda kwa wanafunzi. Makundi hayo mawili peke yake yalibeba karibu nusu ya maambukizi yaliyohusishwa na shule. Yaani chumba cha walimu, Mwalimu. Meza ile ya katikati yenye marundo ya daftari, ambapo kila mtu anashusha barakoa ili ale na kulalamikia ratiba. Huwa nawauliza wakuu wa shule: chumba chenu cha walimu kina madirisha mangapi yanayofunguka? Wengi hawajui. Lakini nani alikwenda harusi ya nani, hilo wanalo kichwani.

Sasa nigeukie upande wetu walimu, maana na sisi tunayo kauli yetu ya kujifichia: "Maisha yangu nje ya shule hayamhusu mtu." Siku za kawaida nakubaliana nayo karibu yote. Wakati wa mlipuko ina tundu. Mtoto wa darasa la nne hakuchagua kukaa saa sita katika chumba kimoja na wewe, na mzazi wake pengine hakuwa na njia nyingine. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa wingi zaidi, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya madarasa. Zilipofunguliwa, zilifunguliwa kwa ahadi kwamba watu wazima waliomo ndani watakuwa waangalifu. Ahadi hiyo hukuiandika wewe, lakini uliingia nayo darasani. Kwa hiyo shule ina haki ya kukuuliza jambo. Ubishi uwe ni jambo lipi.

Kipimo ninachokitumia ni mlango wa darasa. Kinachoweza kuvuka mlango pamoja nawe ni halali ya shule kukijua: homa, kikohozi, kipimo kilichoonyesha maambukizi, kukaa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa, kurudi kutoka mahali ambapo mamlaka ya afya imeagiza watu wajitenge. Kinachobaki upande wa pili wa mlango ni chako. Ukimwambia mkuu wa shule, "Jumamosi nilikaa karibu na mtu ambaye leo amekutwa na korona," umemaliza wajibu wako. Kama mtu huyo alikuwa mume, mchumba, muumini mwenzako au rafiki wa zamani, kama ilikuwa ibada au dansi, hakuna dirisha litakalofunguliwa zaidi kwa sababu mkuu wa shule amejua. Kuna mtu mmoja tu mwenye sababu ya kukuuliza ulikuwa wapi na nani: ofisa wa afya anayefuatilia mnyororo wa maambukizi. Huyo mjibu kila kitu, tena kwa ukweli, maana anatafuta watu wa kuwaonya.

Utaniuliza, mbona basi kila mtu anataka kujua mengine? Kwa sababu jambo hili ni la zamani kuliko korona. "Mwalimu ni kioo cha jamii" tumeimbishwa tangu chuoni, na kioo hakina chumba cha kulala. Nchini Uingereza na Wales ilibidi ije sheria ya elimu ya mwaka 1944 ndipo ikapigwa marufuku kumnyima mwanamke kazi ya ualimu kwa sababu tu ameolewa. Kabla ya hapo mamlaka nyingi za elimu ziliona ndoa ya mwalimu wa kike ni suala la ofisi. Mlipuko ukija, tabia hii ya kumchungulia mwalimu hupata koti jeupe la daktari. Maswali yaleyale, nani anakutembelea, ulikuwa wapi usiku, sasa yanaulizwa kwa jina la afya. Sisemi mkuu wako alikuwa na nia mbaya. Nadhani alikuwa na simu ishirini za wazazi ambazo hazijapokelewa.

Kuna mfano ambao wanaotetea vifungu vya aina hii huutoa, na una uzito, kwa hiyo tuutazame. Aprili 2020, mganga mkuu wa Scotland, Catherine Calderwood, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alikuwa amekwenda kwenye nyumba yake ya pili, huku yeye mwenyewe akiwahimiza wananchi wabaki nyumbani. "Mnaona?" wanasema, "mtu wa kuigwa lazima aonekane safi." Lakini yeye alivunja maelekezo aliyokuwa akiyatangaza. Wewe uliyafuata ya kwenu, na ukabaki na nafasi 12. Kumwadhibu anayefuata sheria kwa sababu anafanana, kwenye picha, na anayeivunja, kunawafundisha wote kwamba kufuata sheria hakuna faida.

Upande wa sheria nitakwenda haraka, kwa sababu siijui mikataba yako ya ajira wala sheria za nchi yako, na hizo ndizo zenye neno la mwisho. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 17, unamkinga kila mtu asiingiliwe kiholela katika maisha yake binafsi, familia yake na nyumba yake. Kinga hiyo si ya chuma. Afya ya umma ni sababu inayokubalika ya kubana haki, na Kanuni za Siracusa za 1984, zilizoandikwa na wataalamu wa sheria kuufafanua mkataba huo, zinaeleza masharti: kuwe na msingi wa sheria, lengo liwe halali, hatua iwe ya lazima kweli, itumike ile inayoingilia kidogo zaidi, na isibague. Lipo pia pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa tarehe 5 Oktoba 1966 (ndiyo asili ya tarehe ya Siku ya Walimu Duniani), linalosema walimu wawe huru kutumia haki zote za kiraia walizo nazo raia wengine, na kwamba kushiriki kwao katika maisha ya jamii kuhimizwe. Pendekezo halina meno ya mahakama, lakini kwenye kikao cha bodi ya shule husomeka vizuri.

Kiweke kifungu chenu mbele ya masharti hayo. "Mikusanyiko isiyo ya lazima": nani anaamua kipi ni cha lazima? Mazishi ya jirani ni ya lazima? Ndoa ya mdogo wako? Neno hilo limeachwa wazi, na neno lililoachwa wazi hujazwa na aliye juu, siku anapokuwa na hasira. "Wageni anaowapokea nyumbani": kuna njia ndogo zaidi ya kupata kinachotafutwa, yaani kuuliza kama umekaa na mgonjwa, basi. "Picha zinazoweza kutia shaka": hapa afya imeshatoka chumbani, imebaki sifa. Picha haiambukizi. Na soma kifungu kizima tena: kinamtaja mwalimu peke yake. Mpishi, dereva, mhasibu, mlinzi anayempokea kila mtoto getini, wajumbe wa bodi, hawamo. Kirusi hakisomi barua za ajira.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi si ya kisheria. Kifungu hiki kitafanya shule iwe na hatari zaidi. Mchukue mwalimu, Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, amekaa ukingoni mwa kitanda, koo linakwaruza kidogo. Jumamosi alikwenda kwa shangazi yake na hakuandika kwenye fomu. Akipiga simu kusema koo linamuuma, swali la pili litakuwa "ulikuwa wapi?", na la tatu litakuwa barua. Akimeza dawa ya maumivu, akafunga kitambaa shingoni, siku itapita. Wengi wetu tutameza dawa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakutuambia kwamba mara nyingi mtu huficha maradhi kwa sababu amewekewa adhabu kwa kuyasema. Ukiongeza kukatwa mshahara kwa siku za kukaa nyumbani, umeshamsukuma hadi darasani wewe mwenyewe. Mwalimu ambaye hana cha kupoteza kwa kusema ukweli ndiye atakayepiga simu mapema, na simu moja ya saa kumi na mbili asubuhi inaokoa safu mbili za mbele.

Sasa, ufanye nini? Kusaini tu kama wenzako wanavyoshauri kuna faida moja: amani ya wiki hii. Hasara yake ni kwamba karatasi hiyo haiumi leo. Itauma siku mtu atakapotaka kukuondoa kwa sababu nyingine na kukuta humo silaha iliyonolewa kwa saini yako. Kukataa peke yako kuna heshima yake, lakini kutakufanya uonekane mtu asiyejali watoto, hasa ukiwa na ile barua ya zamani kwenye faili. Kusaini na kuandika pembeni kwamba hukubaliani na sehemu fulani kunawezekana, na mahali pengine kuna uzito. Ningekuwa mimi, ningekwenda na walimu wawili watatu, pamoja na mwakilishi wa chama cha walimu kama mnaye, tukiwa na maneno mbadala tayari yameandikwa. Mkuu wa shule aliyechoka hupokea kwa urahisi rasimu iliyokamilika kuliko malalamiko. Mnaweza kuanzia hapa:

"Katika kipindi cha mlipuko uliotangazwa na mamlaka ya afya, mtu yeyote anayefanya kazi shuleni ambaye ana dalili zilizoainishwa, amekutwa na maambukizi, au amekaa karibu na mgonjwa aliyethibitishwa, atamjulisha mtu aliyeteuliwa na shule kabla ya kuja kazini. Hatatakiwa kueleza alikuwa wapi wala na nani, isipokuwa kwa maofisa wa afya. Siku atakazokaa nyumbani kwa sababu hiyo hazitakatwa mshahara wala kuhesabiwa utoro. Taarifa yake itakuwa siri na itafutwa baada ya muda uliowekwa na mwongozo huu."

Halafu ongezeni sehemu ya shule: hewa ya madarasa na ya chumba cha walimu, barakoa za akiba, nani anashika kipindi cha aliyebaki nyumbani. Mkataba namba 155 wa ILO wa 1981 unauweka wajibu wa usalama kazini kwa mwajiri kwanza, ndipo unamtaka mfanyakazi ashirikiane. Mwongozo unaoanza na wageni wa mwalimu na usiosema neno juu ya madirisha umeanzia mkiani.

Nikiri kwamba kuna mazingira ambapo ningekubali masharti makali zaidi. Shule ya bweni inayojifunga kwa wiki kadhaa, au shule yenye watoto ambao kinga ya miili yao ni dhaifu, inaweza kuwaomba wafanyakazi wapunguze kukutana na watu nje. Nimesema kuwaomba. Iwe kwa makubaliano, kwa muda unaojulikana mwisho wake, kwa wafanyakazi wote, na kwa fidia au makazi pale inapobidi. Shule ya kutwa ya kawaida haina sababu ya kufika huko.

Nirudi kwenye siku ya harusi, maana niliahidi. Ungenipigia simu Jumapili ile usiku, nisingekuambia kwamba hukupaswa kwenda. Ningekuambia vaa barakoa inayokaa vizuri darasani wiki nzima, usile na wenzako ndani, na kama vipimo vinapatikana, pima siku ya tano, kwa sababu ukipima Jumapili ungepata jibu zuri lisilo na maana yoyote. Kisha ningekuambia umfuate mkuu wa shule kabla hajakuita, umwambie sentensi mbili: nilikuwa kwenye mkusanyiko halali, na hizi ndizo hatua ninazochukua wiki hii. Usingekuwa unaomba ruhusa. Ungekuwa unampa kitu cha kuwajibu wale wazazi, ambacho siku ile hakuwa nacho. Hilo tu ndilo ninaloliona, na hata hilo ni rahisi kulisema leo.

Kuhusu kundi la wazazi, milipuko ijayo nayo itakuwa na picha. Usijibu mle ndani, hata ukiwa na haki. Kundi la watu mia halisomi maelezo, linasoma sauti. Mwombe mkuu wa shule ajibu yeye, kwa niaba ya shule, kwa hatua za darasani na bila kueleza safari zako. Na yule mzazi, kama bado mnaonana getini, anaweza kuwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Wengi walioandika maneno makali mwaka ule walikuwa na mtu kitandani waliyemwogopea.

Kuna mambo ambayo jibu la kuandikwa haliwezi kuyabeba. Ukitishiwa hatua za nidhamu kwa kutosaini, usiendelee kwa ushauri wa maandishi. Kaa na mwanasheria wa kazi au ofisa wa chama cha walimu, uso kwa uso, na mkataba wako wa ajira mezani. Kama wewe au mtu unayeishi naye ana maradhi yanayomweka hatarini zaidi, mwone daktari sasa, kabla ya mlipuko mwingine, upate cheti kinachoeleza nafasi yako kazini. Na kama hadi leo unakwepa kupigwa picha kwenye shughuli za kwenu, kama unakosa usingizi ukiona ujumbe wa mkuu wa shule, hilo nalo ni jeraha. Mshauri nasaha anayejua mambo ya kazi anaweza kukusaidia kwa vikao vichache, na huna haja ya kumweleza yeyote shuleni kwamba umekwenda.

Kabla ya kikao cha mwongozo, omba kwa maandishi kuona faili lako la ajira. Kama ile barua imo bila uamuzi, andika ombi fupi kwamba uamuzi utolewe au barua iondolewe, ambatisha nakala ya maelezo uliyoyatoa siku ile, na ile idadi, 38 kati ya 50, iwe kwenye mstari wa kwanza.